Baba Akitoka Kazini

Uliangalia pembeni. Usikane. Saa kumi alasiri, king'ora cha kiwanda kikishalia, wanaume walitoka getini kwa mkumbo wakiwa weupe pe: kope nyeupe, masikio meupe, hata mate waliyotema yalikuwa meupe. Nawe, ulipowaona wanakuja upande wako, ukakumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu imelegea. Au ukasimama dirishani kwa muuza vyombo, ukahesabu mabakuli usiyokuwa na haja nayo. Wakapita. Ukajipangusa bega, ukashika njia. Basi kama hukuwatazama wale, mtazame mtoto huyu wa kike, ambaye kwa miaka mitatu alimtazama mmoja wao kupitia kioo cha kamera na bado hakumwona.

Kwao walimwita Tulieni. Jina la kwenye daftari la shule lilikuwapo, lakini lilibaki hukohuko shuleni. Hili la nyumbani alilipata kwa neno alilolisema kila alipoinamisha kichwa juu ya lile sanduku: tulieni. Wakubwa wakatulia, wadogo wakatulia, hata jirani aliyekuwa akipita na ndoo akasimama mguu mmoja hewani.

Sanduku lililetwa na mjomba wake, kaka wa mama, fundi wa kujalidi vitabu, mtu mwenye gundi vidoleni na maneno yasiyokauka. Mpiga picha mmoja wa mjini alikuwa akifunga duka, akamwachia kamera yake kuukuu kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Mjomba akaifunga katika shati chakavu, akampelekea mpwa wake. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa ameshasoma kila karatasi iliyomo ndani ya nyumba, pamoja na zile za kufungia sukari.

"Inakula nini, mjomba?" aliuliza, maana mjomba hakuwahi kuleta kitu bila mzaha ndani yake.

"Jua. Ukiinyima jua inakutemea giza. Na usiitikise, ina hasira kuliko mama yako."

"Nimekusikia," mama alisema kutoka uani.

Ilikuwa kamera ya siku zile za mwanzo, sanduku jeusi la kadibodi ngumu lililovikwa kitambaa kama ngozi, ukubwa wake kama tofali, na jicho moja mbele. Juu yake palikuwa na kioo kidogo kama ukucha. Ukiinama kukichungulia, unawaona watu wako wadogo kama punje, wa kulia amehamia kushoto. Nyuma palikuwa na kidirisha chekundu kilichoonyesha namba, moja hadi nane, kwa sababu filamu moja ilikuwa picha nane na si zaidi. Unalibana sanduku tumboni, unazuia pumzi, unasukuma kijiti cha pembeni. Likasema *tk*. Basi.

Mtoto mwenye picha nane hazipigi ovyo. Tulieni alipanga. Mbili za mdogo wake kabla hajaanza kukimbia. Moja ya mama, ambaye alisema hataki kisha akaenda kubadilisha kilemba. Moja ya kaka yake, aliyemzidi miaka mitatu, aliyekuwa akivimbisha kifua mpaka vifungo vinalia. Zilizobaki zilikuwa za baba, na za baba zilipigwa Jumamosi.

Jumamosi kiwanda kilifunga saa saba mchana. Waliishi katika safu ya nyumba za kiwanda, vyumba viwili na stoo, mlango wa bluu, kizingiti cha saruji kilichotazama magharibi. Kufika saa tisa jua lilikuwa limekigeukia kizingiti chote, na hapo ndipo baba aliposimama. Lakini kati ya saa saba na saa tisa palikuwa na shughuli nyingine.

Baba alifanya kazi katika chumba cha kusagia. Kiwanda kilisaga jiwe jeupe mpaka likawa unga mwembamba, unga ukatiwa kwenye makopo, makopo yakauzwa madukani kwa kusugulia masufuria. Kila jiko lilikuwa na kopo lile, lenye picha ya mwanamke anayejitazama kwenye sufuria akatabasamu. Baba alikuja nyumbani na jiwe hilo kwenye nywele, kwenye mikunjo ya shingo, ndani ya pua. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka uani, akavua nguo nyuma ya kipande cha turubai, akaingia kwenye beseni la bati, na mama akapandisha mikono ya gauni.

Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa mgonjwa. Mama aliyamwaga ukutani, yakakauka pale yakawa ukoko mgumu, na kaka akaubandua kwa msumari kama mchezo. Maji ya pili yalitoka kama maji ya mchele. Ya tatu mama aliyakagua kwa kidole kabla ya kukubali.

"Mama watoto, unanisugua kama sufuria."

"Sufuria haikohoi. Geuka."

Kisha mafuta masikioni, kichana, shati jeupe, tai. Tai hiyo moja mjomba aliiita mkia wa heshima. Baba akatoka kwa mlango wa mbele, akasimama kizingitini akiwa anang'aa. Tulieni akapiga hatua tatu nyuma, akainama.

"Tulieni."

"Niko peke yangu, mama," baba alisema. Alimwita mama tangu azaliwe. "Nitulie na nani?"

"Na kikohozi chako."

Baba akacheka, akakohoa, akatulia. *Tk*.

Filamu ikijaa, Tulieni aliisafisha mwenyewe stoo. Mjomba alimfundisha mara moja, mara ya pili alimkosoa mjomba. Blanketi dirishani, taa iliyovishwa karatasi nyekundu, sahani mbili za kina ambazo mama alizitangaza kuwa hazitatiwa chakula tena, dawa ya kwanza ya kuitoa picha, ya pili ya kuikaza. Alishika filamu ncha mbili akaipitisha ndani ya dawa, mkono huu juu, mkono ule chini, akihesabu kwa sauti. Jirani aliyesikia hesabu ikitoka stoo mchana kweupe alimuuliza mama kama mtoto ameadhibiwa.

Ikishakauka, aliibana filamu juu ya karatasi chini ya kioo, akaitoa juani, na baba akajichora polepole kwenye karatasi, kwanza tai, mwisho uso. Kisha ikaja kazi aliyoipenda kuliko zote. Aligeuza picha akaandika nyuma kwa penseli. Baba ndiye aliyemwambia kwamba kitu kisicho na tarehe ni uvumi. Kwa hiyo aliandika tarehe, na chini ya tarehe, kwa mwandiko wa shule uliosimama wima: *Baba akitoka kazini.*

Alitoka kazini kweli. Ilikuwa Jumamosi, baba alikuwa ametoka kazini. Kwamba katikati palikuwa na beseni, maji mara tatu na mikono ya mama, hilo halikumjia kuliandika, kama ambavyo haikumjia kuandika kwamba baba alikuwa akipumua.

Mara moja tu mambo yalikwenda vingine. Jumamosi moja alikuwa kizingitini akigeuza filamu ifike namba nne, baba akatokea kwenye kona ya safu kabla hajakata kwenda uani. Jua lilikuwa juu, mwanga ulitosha. Alisukuma kijiti bila kufikiri. Siku ya kuisafisha, alitokea mtu asiye na nyusi, amepakwa kuanzia utosini hadi viatuni, macho mawili na tundu la mdomo, na nyuma yake nyayo nyeupe barabarani.

Mama aliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko picha yoyote.

"Umemwanika baba yako," alisema. "Mtu akiiona hii atasema nyumba hii haina mwanamke."

Hakumwambia aichane. Tuseme ukweli, hakuna aliyemlazimisha. Tulieni mwenyewe alichukua mkasi, akakata namba nne kwenye filamu, akaitia motoni pamoja na karatasi yake. Iliwaka mara moja kama unyoya. Aliona ameharibu picha moja kati ya nane, na alikasirika kwa siku mbili.

Katika miaka mitatu alifikisha picha arobaini na moja za baba. Mjomba alizijalidi katika albamu ya jalada la kijani, kila picha ikachomekwa pembe nne ili iweze kutolewa na kusomwa nyuma.

Katika mwaka wa tatu baba alianza kupumzika katikati ya sentensi. Halafu katikati ya ngazi, ngazi zenyewe tatu. Halafu akawa analala ameketi, mito nyuma. Daktari wa kiwanda alikuja, akasikiliza mgongo, akauliza anavuta sigara ngapi.

"Sijawahi," baba alisema.

"Wengi husema hivyo," daktari alisema, akaandika.

Chumba cha kusagia kilikuwa na watu ishirini na wawili. Katika miaka hiyo mitatu walizikwa sita, na waliobaki walianza kutazamana kwa kujuana. Chama chao kikaandika barua, kikaandika nyingine, mpaka idara ya kazi ikakubali kumtuma mkaguzi asikilize pande zote mbili. Swali lilikuwa moja: vumbi la chumba kile linaua au haliui? Likiwa linaua, chumba kitafungwa mpaka ziwekwe feni za kulivuta vumbi nje. Likiwa haliui, mashine zitaendelea kama kawaida Jumatatu.

Na Jumatatu hiyohiyo kaka yake Tulieni, miaka kumi na saba, alikuwa ameandikwa kuingia kushika nafasi ya baba yake. Nyumba ilikuwa ya kiwanda. Familia isiyo na mtu kiwandani ilipewa siku kumi na nne kuhama.

Baba alimwita Tulieni kando ya kitanda. Siku hizo alizungumza kwa vipande, kama mtu anayepanda mlima.

"Mama. Mimi nimeshakwisha. Lakini huyo," akaonyesha kwa kidevu upande wa uani, ambako kaka alikuwa akijaribu viatu vya baba, "huyo asiingie mle."

Wazo la kupeleka albamu lilikuwa la mama, na lilikuwa wazo zuri. Usimcheke. Alisema: wao wana karatasi za daktari, sisi tuna hii. Waione picha ya kwanza, mashavu yale, shingo ile iliyojaa kola. Kisha waione ya mwisho, kola imekuwa kama pete kwenye kidole cha mtoto. Wenyewe wataona kilichomla. Tulieni alikubali. Alikesha na fahari, si na hofu. Arobaini na moja, zote na tarehe, hakuna hata moja iliyokuwa uvumi.

Walikutana katika ukumbi wa kulia chakula wa kiwanda. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cha kijani. Mkaguzi alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji. Upande wa kiwanda alikaa karani mkuu, mtu wa adabu kubwa, aliyesimama kila mwanamke alipoingia na kumsogezea kiti. Alisema kwa upole kwamba vumbi la chumba cha kusagia ni la kawaida, kama la chumba chochote, kwamba wafanyakazi hutoka jinsi walivyoingia, na kwamba kiwanda kinasikitika kwa wote wanaougua kwa sababu zao za nyumbani.

Mama akaweka albamu mezani. Mkaguzi alifunua ya kwanza na ya mwisho, akashusha miwani ya pajini, akasema, "Kweli amekonda." Mama akavuta pumzi. Kwa kitambo kidogo mambo yalikuwa yamekaa sawa.

"Mheshimiwa akiniruhusu," karani mkuu alisema. Akavuta albamu, akachomoa picha moja kwenye pembe zake kwa uangalifu, akaigeuza. Akasoma. Akachomoa nyingine. "Mama, picha hizi ni zenu?"

"Zetu. Kazipiga binti yangu."

"Ni nzuri sana. Binti, na maandishi ni yako?"

"Ndiyo," Tulieni alisema.

"Uliandika uongo mahali?"

"Hapana. Siandiki uongo."

"Nami naona hivyo." Akamgeukia mkaguzi, akaanza kusoma, tarehe moja baada ya nyingine, na baada ya kila tarehe maneno yaleyale matatu. Baba akitoka kazini. Baba akitoka kazini. Kila alipomaliza moja aliilaza mbele ya mkaguzi, sura ikiwa juu: mwanamume safi, shati jeupe, nywele zimechanwa, tai imekaa katikati. Alisoma zote arobaini na moja. Hakuharakisha.

"Alikuwa ameshaoga," Tulieni alisema.

"Umeandika wapi, binti?"

Tulieni aliyainamia maandishi yake mwenyewe.

"Ipo hata moja ambayo hajaoga?"

Tulieni alimtazama mama. Mama alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe mapajani, vidole vilivyochubuliwa na miaka ya jiwe.

"Ilikuwapo," Tulieni alisema. "Niliichoma."

Watu wa nyuma walinong'ona. Mzee mmoja wa chumba cha kusagia alisimama kusema kitu, kikohozi kikamkaba, akaketi. Karani mkuu akamsogezea glasi ya maji.

Mkaguzi alirudisha miwani kwenye paji. Alisema anawahurumia, lakini amekuja kutafuta vumbi, na katika ushahidi ulioletwa na familia yenyewe hakuliona vumbi. Chumba kiendelee.

Njiani kurudi mama hakumgombeza. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyemsugua," na walipofika aliingia moja kwa moja kumbadilishia baba mito.

Baba aliuliza kwa macho. Mama alikazana na mito, naye akaelewa.

Jumatatu kaka aliingia. Saa tisa na nusu Tulieni alitoka shuleni kabla ya kengele, akaenda mpaka ng'ambo ya geti, akatafuta mahali ambapo jua lingekuwa mgongoni kwake. Alikuwa na filamu mpya. Aligeuza mpaka namba moja, akakaa juu ya jiwe la mpaka. King'ora kikalia. Wakatoka.

"Binti, umekuja kupiga mizimu?" mmoja alimtania. "Haitokei kwenye picha hiyo."

"Simama kidogo, shikamoo."

"Marahaba. Nisimame hivi? Mke wangu ataniua."

"Hivyohivyo. Na mlango wa nyuma yako uonekane. Tulieni."

Wakasimama, kwanza wawili, kisha watano. Hakuna aliyevimbisha kifua. *Tk*. Alipiga mikono yao. Alipiga mate yao chini. Namba sita alikuwa kaka.

Kaka alimwona akajifunika uso kwa kofia. "Nenda nyumbani."

"Ondoa kofia, kaka."

"Ngoja nioge kwanza. Nitavaa tai ya baba, upige unavyotaka. Mbona unaniaibisha mbele ya watu?"

"Ukioga nitakuwa nimekupeleka mwenyewe kwa yule karani."

Kaka alitema pembeni, akatazama alichotema. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Aliondoa kofia. Juu ya mstari wa kofia paji lilikuwa na rangi yake, na chini ya hapo hapakuwa na mtu mwenye rangi. Mlinzi alikuwa ameshaanza kuvuka barabara akiinua fimbo, akiita kwamba hapa haparuhusiwi. Tulieni alizuia pumzi, akasukuma kijiti.

Nyuma ya picha hiyo hakuandika maneno matatu. Aliandika tarehe, saa, jina la kaka lote kama lilivyo kwenye kitabu cha kiwanda, mlango aliotokea, saa alizokaa ndani, na kwamba hajanawa. Penseli ilijaza karatasi mpaka pembeni. Mama alisimama mlangoni mwa stoo akamsubiri amalize.

"Andika na beseni," mama alisema. "Andika maji mara tatu."

Baba alifariki kabla ya mvua. Tulieni alirudi getini kila mwezi, geti moja likimfukuza akaenda jingine, kwa miaka sita. Mkaguzi wa pili alipokuja aliziweka picha hizo mbele yake kifudifudi, maandishi yakiwa juu, akamwambia asome kwanza, atazame baadaye. Feni ziliwekwa. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mitatu, naye alikuwa ameanza kupumzika katikati ya ngazi.

Miaka sita. Hiyo ndiyo bei ya picha moja iliyokatwa kwa mkasi kwa sababu haikuwa safi.

Sasa wewe. Katika nyumba yako yupo anayerudi na kazi mwilini. Ana rangi ya kiwanda kwenye kucha, dawa ya shamba kwenye shati, moshi kwenye kitambaa cha kichwa, malengelenge anayoyaficha chini ya meza. Humtazami mpaka aoge, kisha unamwambia amependeza. Kamera unayo, iko mfukoni mwako, wala haihitaji jua. Ondoka hapo ulipokaa. Nenda ukamngoje mlangoni leo, kabla hajafika kwenye maji. Mwombe asimame. Mpige. Andika tarehe, saa, mlango aliotoka na kilichompata ndani, uandike vyote. Usingoje Jumamosi.